SOMA NAMBA ZA NAFASI KABLA YA KUSHIKA JEMBE

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Suam, wakati wa kutayarisha mashamba

Najua wengine mmetoka mbali, upande wa Endebess, na wengine mmezunguka mlima kutoka upande wa Kapsokwony na Cheptais. Mvua ya kupandia hainingoji mimi wala ninyi, kwa hiyo tuingie kazini.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho kinatula pesa kila mwaka bila sisi kujua. Ni zile namba fupi fupi: 75 kwa 25. 75 kwa 50. 9 kwa 9. 60 kwa 60 kwa 60. Zimeandikwa kwenye mfuko wa mbegu, afisa wa kilimo huziandika ubaoni siku ya wakulima, na siku hizi zinakuja hata kwa simu. Wengi wetu tunaziona, tunatikisa kichwa, halafu tunaenda kupanda kwa hatua ya mguu.

Namba fupi ni kama mzee wa maneno machache. Amesema mengi, lakini ameacha mengine ndani. Asiyemjua atamwelewa vibaya. Kwa hiyo tujifunze kumwuliza mzee huyu maswali manne: Namba gani inatangulia? Kipimo ni gani? Kila shimo mbegu ngapi? Na tunapima kutoka wapi hadi wapi?

Swali la kwanza: Namba gani inatangulia?

Chukua mahindi. Mkiona 75 kwa 25, namba ya kwanza ni nafasi kati ya mstari na mstari. Namba ya pili ni nafasi kati ya shimo na shimo ndani ya mstari. Huo ndio utaratibu wetu: mstari kwanza, shimo baadaye.

Mtu mmoja anaweza kusema, "Nikigeuza si ni sawa tu? 75 kwa 25 na 25 kwa 75, mimea ni ile ile." Kwa hesabu ni kweli, idadi haibadiliki. Lakini ukiwa na mistari ya sentimita 25 utapalilia vipi? Ng'ombe hawapiti, jembe halipiti, na wewe mwenyewe utakanyaga mahindi ukienda kuweka mbolea ya kukuzia. Ile 75 imewekwa ili mtu na ng'ombe wapite, na jua lifike chini. Na hapa kwetu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mistari hiyo ikatize mteremko, isishuke nao. Mstari unaoshuka na mteremko ni mfereji wa kupeleka udongo wako mto Suam, na Suam ataupeleka mpaka bwawa la Turkwel.

Swali la pili: Kipimo ni gani?

Hapa ndipo wazee na vijana hawasikilizani. Mzee alifundishwa kwa futi na inchi. Kijana amefundishwa shuleni kwa sentimita. Mzee akisema "30 kwa 12" ana maana ya inchi, yaani futi mbili na nusu kwa futi moja. Hiyo ni karibu sawa na sentimita 75 kwa 30. Ni ushauri mzuri kabisa. Lakini kijana akichukua ile 30 kwa 12 na kuipima kwa sentimita, tazameni balaa: eka moja itadai mimea zaidi ya 112,000, badala ya karibu 18,000. Bila shaka mbegu itaisha kabla hajafika mbali, na hiyo ndiyo bahati yake.

Kwa hiyo kikundi kiwe na sheria moja: hakuna namba inayoandikwa kwenye daftari la kikundi bila kipimo chake. Usiandike "75 kwa 25." Andika "sm 75 kwa sm 25." Wino wa herufi mbili hauna gharama.

Swali la tatu: Kila shimo mbegu ngapi?

Swali hili ndilo linalotuumiza zaidi, maana jibu lake mara nyingi haliko kwenye zile namba. Limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo, au afisa alilisema kwa mdomo na mwenye kuandika hakuliandika.

Kuna njia mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni sm 75 kwa sm 25, mbegu moja kila shimo. Ya pili ni sm 75 kwa sm 50, mbegu mbili kila shimo. Tupige hesabu pamoja. Eka moja ni mita za mraba 4,047.

Njia ya kwanza: 0.75 mara 0.25 ni 0.1875. Gawanya 4,047 kwa 0.1875, utapata mashimo karibu 21,600. Mbegu moja kila shimo, mimea ni 21,600.

Njia ya pili: 0.75 mara 0.50 ni 0.375. Gawanya, utapata mashimo karibu 10,800. Mbegu mbili kila shimo, mimea ni 21,600.

Mmeona? Njia mbili, mimea ile ile. Njia ya pili ina mashimo nusu, kwa hiyo kuchimba kunapungua. Akina mama ambao ndio wanaochimba wanajua maana ya kupunguziwa mashimo elfu kumi.

Sasa tuseme kikundi kinachanganya: nafasi ya njia ya kwanza, mbegu za njia ya pili. Yaani 75 kwa 25, na mbegu mbili kila shimo. Hapo eka moja ina mimea 43,200. Mahindi yetu ya huku juu ni marefu na hukaa shambani muda mrefu. Yakibanana hivyo, yanashindana kwenda juu kutafuta jua, mabua yanakuwa membamba, upepo unayaangusha, na mengine hayazai kabisa. Utavuna majani mengi na gunzi kama kidole. Na mbegu umenunua mara mbili.

Au wanachanganya kwa upande mwingine: 75 kwa 50, mbegu moja. Eka moja ina mimea 10,800 tu. Shamba linaonekana zuri, mahindi makubwa, kila mtu anapita akisifu. Lakini siku ya kujaza magunia, nusu ya shamba ilikuwa imelala bila kazi, na magugu ndiyo yaliyokula mbolea.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Mfuko wa kilo 10 wa mbegu ya mahindi kwa kawaida huhesabiwa kwa eka moja. Mkiwa katikati ya shamba na mfuko umekwisha, msikimbilie kumlaumu mwenye duka. Simameni, chukueni kamba, pimeni. Na mkimaliza eka nzima na nusu ya mfuko imebaki, msifurahi bado. Pimeni pia.

Mbolea nayo inafuata namba hizi. Tuseme mmeweka mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka. Hiyo ni gramu 50,000. Kwa mashimo 21,600, kila shimo linapata gramu 2 na kidogo. Kwa mashimo 10,800, kila shimo linapata gramu 4 na nusu. Kwa hiyo mtu akiwaambia "wekeni kifuniko kimoja cha soda kila shimo," mwulizeni: kwa nafasi gani? Jazeni vifuniko 100, mpime kwa mizani ya duka, mgawanye kwa 100. Hapo mtajua kifuniko chenu kinabeba gramu ngapi.

Swali la nne: Kutoka wapi hadi wapi?

Tuache mahindi, tuje kwenye ndizi. Karatasi ya ndizi inaweza kuwa na namba za aina mbili. Kuna sm 60 kwa 60 kwa 60. Na kuna mita 3 kwa 3. Za kwanza ni za shimo lenyewe: urefu, upana na kina. Ni nafasi ya ndani, ile ambayo mche utakaa pamoja na samadi na udongo wa juu. Za pili ni nafasi ya nje, kati ya mgomba na mgomba.

Zile mita 3 zinapimwa kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya shimo lingine. Hazipimwi kutoka ukingo hadi ukingo. Mkipima kutoka ukingo, mmeongeza sentimita 60 za shimo bila kujua, na nafasi yenu imekuwa mita 3.6. Eka iliyokuwa ichukue migomba karibu 450 sasa inachukua karibu 310. Mmepoteza migomba karibu 140, na hakuna aliyeiba.

Dawa yake ni kupiga vijiti kwanza. Kijiti kimoja ni katikati ya shimo. Pigeni vijiti vyote kwa kamba kabla jembe halijagusa udongo, halafu kila mtu achimbe akizunguka kijiti chake.

Kahawa ni hivyo hivyo, na hasa ndugu zetu wa Bungoma wanisikilize. Kahawa ndefu za zamani kama SL28 zilipandwa futi 9 kwa futi 9, yaani mita 2.74 kwa 2.74. Eka moja inachukua miti karibu 540. Ruiru 11, ambayo ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ni fupi, na hupandwa mita 2 kwa 2. Eka moja inachukua miti karibu 1,000. Mtu akichukua nafasi ya moja akampa nyingine, ama anaacha nusu ya shamba wazi, ama anasonga miti mirefu mpaka hewa haipiti na ugonjwa unaingia. Mahindi ukikosea utasahihisha mwaka ujao. Kahawa ukikosea utaishi na kosa hilo miaka mingi.

Namba nne za kando ya shamba

Mpaka hapa tumezungumza juu ya nafasi katikati ya shamba. Lakini shamba lina kando nne, na kila kando ina mahitaji yake. Juu pengine mnataka mstari wa majani ya napia kushika udongo. Kulia kuna njia ya ng'ombe. Kushoto ni jirani. Chini ni mto.

Ule upande wa mto si wa kuchezea. Kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 zilikataza kulima ndani ya ukingo wa mto, kuanzia mita 6 mpaka mita 30 kila upande, kuhesabu kutoka pale maji ya mafuriko yaliwahi kufika juu kabisa. Maji tunayokunywa sisi yanapita kwa mtu mwingine kabla ya kufika hapa, na yetu yanakwenda kwa wengine.

Nawashauri mwandike namba nne za kando kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Anzeni juu, mzunguke kama mshale wa saa: juu, kulia, chini, kushoto. Kikundi kikiandika "mita 2, 3, 10, 1" kila mwanachama ajue bila kuuliza: juu mita 2, kulia mita 3, chini kwa mto mita 10, kushoto kwa jirani mita 1.

Utaratibu huu sikuutunga mimi. Vijana wetu wanaojifunza kutengeneza kurasa za intaneti wanaujua, na kwa kuwa vikundi vingine sasa vinataka kuwa na ukurasa wao wa kutangaza asali au kahawa, acha niueleze kidogo. Ukurasa wa intaneti una karatasi yake ya mitindo, yaani maagizo ya jinsi utakavyoonekana. Maagizo ya namna hiyo yalikubaliwa rasmi kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1996. Ndani yake kuna neno margin, ambalo ni nafasi ya nje ya mpaka wa kisanduku, kama nafasi kati ya mgomba na mgomba. Na kuna neno padding, nafasi ya ndani kati ya mpaka na maandishi, kama udongo na samadi ndani ya shimo.

Ukiandika namba nne, kompyuta inasoma juu, kulia, chini, kushoto. Ukiandika tatu, ya kwanza ni juu, ya pili ni kulia na kushoto zote mbili, ya tatu ni chini. Ukiandika mbili, ya kwanza ni juu na chini, ya pili ni kulia na kushoto. Ukiandika moja, ni pande zote nne. Siri yake ni hii: upande usiotajwa unaiga upande unaouelekea, na kama huo nao haukutajwa, unaiga wa juu. Na kila namba lazima iwe na kipimo chake, isipokuwa sifuri, maana sifuri ni sifuri kwa inchi na kwa sentimita. Kijana akisahau kipimo, kompyuta inaitupa sentensi yote na ukurasa unabaki kama haukuguswa. Halafu anakaa saa nzima akitafuta kosa mahali pengine.

Na jambo moja la kuwasaidia vijana: aya mbili zikifuatana, moja imeachiwa nafasi ya nje 20 chini na ya pili imeachiwa 30 juu, hazitakuwa 50. Kwa kawaida kompyuta inachukua iliyo kubwa, 30. Lakini nafasi ya ndani haimezwi hivyo, kila kisanduku kinabaki na yake.

Sasa angalieni tofauti kubwa kati ya kompyuta na shamba. Kompyuta imepewa sheria ya kujaza namba iliyokosekana, na sheria hiyo ni moja dunia nzima. Shamba halina sheria hiyo. Ukikuta namba moja tu, "sm 75," usijaze nyingine kwa kichwa chako. Ukikuta mbili na hujui ni mbegu ngapi, usibahatishe. Uliza. Kuuliza si ujinga.

Kila namba ina mpangilio wake

Niseme neno moja juu ya mfuko wa mbolea, maana nao una namba fupi, na watu wanazichanganya na za nafasi. Mkiona 18:46:0, hizo si sentimita. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potashi. Ni kilo ngapi katika kila kilo 100. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, na potashi hakuna. Mtu akiwauzia 23:23:0 kwa bei ile ile na kusema "ni moja tu," sasa mnaweza kumwonyesha kwa kidole kwamba fosfeti imepungua kwa nusu.

Kazi ya wiki hii

Msiondoke na maneno matupu. Kila kikundi kifanye haya:

1. Tengenezeni vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja cha sm 75 na kimoja cha sm 25. Pimeni kwa rula au kwa futi ya fundi cherehani, si kwa mkono. Vijiti hivyo viwekwe na katibu.

2. Tengenezeni kamba ya mita 20 yenye mafundo kila sm 25. Anayetaka sm 50 ataruka fundo moja. Tumieni kamba isiyonyooka ikilowa, ama muipime tena kila asubuhi.

3. Andikeni daftarini mstari mmoja kwa kila mmea: jina la mbegu, nafasi ya mstari, nafasi ya shimo, kipimo, mbegu kila shimo. Vitu vitano. Kimoja kikikosekana, mstari haujakamilika.

4. Mahindi yakichipuka, pimeni mita 10 za mstari mmoja na mhesabu mimea. Kwa 75 kwa 25 mbegu moja, muone mimea 40. Kwa 75 kwa 50 mbegu mbili, muone mashimo 20 na mimea ile ile 40. Halafu katizeni mistari: nafasi 10 kati ya mistari ziwe mita 7 na nusu. Fanyeni hivyo mahali pengi, si pale kando ya barabara tu ambapo kila mtu alijitahidi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Katika kikundi chenu, nani hupima: ni yule mwenye kujua, au ni yule mwenye kufika kwanza?

Mwaka jana mbegu iliisha mapema au ilibaki? Mlijua sababu yake?

Afisa akitoa namba kwa haraka, nani kati yenu amepewa kazi ya kumwuliza yale maswali manne?

Kwenye mashamba ya kikundi, kando zote nne zina nafasi gani? Je, kila mwanachama angejibu sawa?

Mkutane, mjibu, na majibu yaandikwe. Mvua ikianza hakutakuwa na wakati wa kuuliza.